Wakazi: Sifuri

Vishikwambi vilifika shuleni siku ya Jumatatu, ishirini na vinne kwa hesabu, ndani ya maboksi yaliyokuwa bado yananukia upya. Vilikuja na projekta moja, ambayo mwalimu mkuu aliifungia kabatini kabla hata hajaitazama vizuri. Alhamisi ya wiki inayofuata, wakaambiwa, afisa elimu atakuja kuona vinavyotumika. Na hatakuja kuchungulia mlangoni. Atakaa nyuma ya darasa na fomu yake, atoe alama. Darasa alilolichagua lilikuwa la sita, somo la Maarifa ya Jamii. Kwa maneno mengine, alimchagua Mwalimu Ramani.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, likamganda. Alikuwa na uwezo wa kuchora bara zima ubaoni kwa kipande kimoja cha chaki, bila kutazama kitabu, huku akiwageukia watoto na kuwauliza maswali, na mito yote ikaangukia mahali pake. Miaka ishirini na mitatu alifanya hivyo. Lakini kishikwambi kilimpiga chenga. Akigusa hiki kinafunguka kile, akitaka kurudi nyuma kinazima kabisa.

"Mama, usikibonyeze kama kengele ya mlango," binti yake alimwambia jioni ile, wamekaa mezani. Kitinda, ndivyo walivyomwita nyumbani kwa kuwa ndiye wa mwisho, na shuleni alikuwa mwanafunzi wa mama yake. "Kiguse tu. Hivi. Kama unamtoa mdudu shavuni mwa mtoto."

Mumewe alikuwa barazani, pale alipopageuza karakana yake ya kuchomelea mageti na madirisha. Alivua miwani ya kazi, akachungulia ndani.

"Mambo yamegeuka humu," akasema. "Mwanafunzi anamfundisha mwalimu, na mshahara anachukua mwalimu."

"Cheka tu, Fundi. Alhamisi ndiyo utanionea huruma."

Mada ya wiki hiyo ilikuwa matumizi ya ardhi katika mtaa wetu. Kwa siku sita mama na binti walihangaika na kile kioo, mpaka jioni ya Jumapili wakaipata picha ya mtaa wao iliyopigwa kutoka angani. Mwanzoni Mwalimu aliona mabati tu, yamesongamana kama kadi zilizomwagwa chini. Kisha Kitinda akaweka kidole penye doa la buluu. Lilikuwa ni lile bati ambalo Fundi alilipachika juu ya jiko mwaka ule walipoishiwa mabati ya kawaida.

"Baba! Njoo uone paa letu!"

Fundi alikuja, akainama, akatazama muda mrefu. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, chumba baada ya chumba, kwa miaka kumi na mmoja.

"Kumbe lile la buluu linaonekana mpaka huko juu?" akasema. "Basi na Mungu analiona. Nitalipaka rangi."

Wakacheka wote watatu, na Mwalimu Ramani akalala usiku huo bila wasiwasi.

*

Alhamisi darasa lilitiwa giza kwa mablanketi mawili yaliyotundikwa madirishani. Afisa elimu alikaa dawati la nyuma, magoti juu, viatu vikimeta. Picha ilipojitokeza ukutani, watoto hamsini na wawili walishusha pumzi kwa pamoja, halafu wakalipuka.

"Ile kwetu! Ile pale!"

"Muongo, hiyo ni saluni!"

"Mwalimu, ule ni mti wa kina sisi!"

Hakuwanyamazisha. Aliwaita mmoja mmoja mbele na rula ndefu, waonyeshe njia wanayopita kuja shule, waseme nani anafanya nini wapi: pale panashonwa nguo, pale pana mashine ya kusaga, pale kuna vyumba vya kupangisha. Mtoto mmoja asiyefungua kinywa tangu mwaka uanze alikwenda mwenyewe ukutani akaonyesha bomba la maji. Mwalimu alijisikia kama siku zake za kwanza kazini. Jasho lilimtoka, lakini lilikuwa jasho la raha.

Hapo ndipo afisa aliposimama.

"Samahani, Mwalimu. Niwaongezee kidogo." Alikuja mbele, akakichukua kishikwambi mkononi mwake kwa upole kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. "Picha ni nzuri. Lakini tunataka vyanzo rasmi. Halmashauri ina ramani yake ya matumizi ya ardhi kwenye tovuti. Tunaiweka juu ya hii picha, hivi, mnaona?"

Rangi zikamwagika juu ya mabati. Makazi yalikuwa ya njano, mashamba ya kijani, maofisi ya buluu. Mtaa mzima wa kule nyuma ya shule, kuanzia bomba la maji mpaka barabara kubwa, ulikuwa wa zambarau.

"Nani atatusomea maelezo ya zambarau?" afisa akauliza.

Alisimama binti wa fundi cherehani, mwenye sauti ya kusoma risala. "Zambarau. Maghala na maegesho ya malori. Hali ya sasa: eneo wazi. Wakazi: sifuri."

"Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Walipiga. Makofi yalipokwisha, mvulana mmoja wa dawati la dirishani aliuliza, "Mwalimu, sifuri hapo maana yake nini?"

"Maana yake..." Mwalimu aligeukia ukuta. "Maana yake kwamba hapo hakuna mtu anayeishi."

"Lakini mimi naishi hapo."

Wachache walicheka. Kitinda hakucheka. Alikuwa amekaza macho penye doa la buluu, ambalo sasa halikuonekana kwa sababu ya zambarau.

"Ramani huandaliwa na wataalamu," afisa akasema, akitazama saa yake. "Swali kama hilo hupelekwa kwa wanaohusika. Endelea, Mwalimu."

Aliendelea. Hakukumbuka baadaye alichosema. Kipindi kilipoisha, afisa alimpa mkono na nakala ya fomu. Alama tisini na nne. Chini alikuwa ameandika: Mwalimu ametumia vyanzo rasmi vya kidijitali kwa ustadi. Somo limeeleweka.

*

Limeeleweka kweli. Watoto hamsini na wawili walitoka na habari ile wakaisambaza kwenye nyumba zaidi ya arobaini kabla Mwalimu hajamaliza kusahihisha madaftari. Alirudi nyumbani akipanga maneno njiani, aanze na lipi, amalizie na lipi. Alimkuta Fundi amekaa juu ya geti alilokuwa hajalimaliza, mashine imezimwa.

"Mwenye geti hili amekuja," Fundi akasema. "Anataka arudishiwe pesa aliyotanguliza. Nikamuuliza kulikoni, akaniambia, Fundi, nitaweka geti kwenye nyumba isiyokuwepo?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Ukweli umeuona wewe, kwa macho yako, ukutani. Mimi naambiwa na mteja, tena ananionea huruma."

"Nimeuona saa nne asubuhi, baba Kitinda. Nilikuwa darasani mpaka saa tisa."

"Simu huna?"

Simu alikuwa nayo. Mara mbili aliitoa kwenye mkoba, akatazama jina la mumewe, akairudisha. Angemwambia nini kwa simu?

"Huenda ni makosa ya mtu aliyechora," akasema. "Mimi najua ramani. Watu hukosea."

"Basi kesho twende ukawaambie wamekosea."

*

Walifika halmashauri kabla ofisi hazijafunguliwa. Fundi alivaa shati lake la sherehe. Karatasi ya mauziano aliiweka ndani ya mfuko wa plastiki, na huo mfuko ndani ya bahasha, na bahasha akaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa na saini yake, saini ya muuzaji, dole gumba la shahidi, na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa wa enzi hizo.

Karani wa dirisha la nne hakuitoa kwenye plastiki. Aliandika kitu kwenye kompyuta, akasubiri.

"Mfumo unasema eneo wazi," akasema.

"Ndiyo maana tumekuja," Mwalimu akajibu. "Mfumo umekosea. Sisi tunaishi pale. Tupo wengi."

"Mama, mimi sibishani na wewe. Mfumo ndio unaosema."

"Sasa mimi niliyesimama hapa mbele yako, nimelala wapi jana?"

Karani alimtazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na ubaya usoni, alikuwa na uchovu tu. "Nendeni dirisha la sita."

Dirisha la sita liliwarudisha la nne. La nne likawapeleka ghorofani, ambako mhusika alikuwa semina. Saa nane mchana Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi, shati limelowa mgongoni, akiwapisha watu kila wanapopita, akisema samahani, samahani. Alikuwa mtu wa kuagiza na kufokea vyuma siku nzima. Mkewe alipomwona akisogeza magoti ili msichana mwenye mafaili apite, aligeuza uso, ili mumewe asijue kwamba ameonwa.

Hatimaye mtu mmoja aliyekuwa anafunga ofisi yake aliwahurumia. "Bila takwimu hamsikilizwi," akawaambia akizungusha ufunguo. "Leteni idadi. Nyumba ngapi, watu wangapi, kila moja na mahali ilipo. Kitu kilichopangika. Hapo mtu atalazimika kujibu."

Mwalimu Ramani alitoka pale akiwa na kitu cha kushika. Idadi. Hiyo ni kazi ya darasa la sita.

*

Walifanya kwa siku tatu, baada ya vipindi, wakigawana vishikwambi, watoto wawili au watatu kwa kila kimoja. Aliwatengenezea fomu yeye mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, bila msaada wa Kitinda: mwenye nyumba, idadi ya watu, kazi, mwaka wa kuhamia, picha ya mlango. Wakigusa kitufe, alama inajiweka kwenye ramani, penyewe hasa.

Lilikuwa zoezi la kufurahisha hata kwa waliokuwa na hofu. Watu walifagia vizingiti kabla ya kupigwa picha. Kinyozi alitaka wateja wake wa siku ile wahesabiwe. Bibi mmoja asiyeona vizuri, anayeishi peke yake karibu na bomba, alimshika Kitinda mkono.

"Niandike kwa herufi kubwa, mjukuu wangu. Wasije wakasema hawakuniona."

Fundi alitembea nao mstari wa mwisho wa nyumba, akiwasomea namba alizoziandika kwenye mageti aliyoyatengeneza yeye. Jumla ilipotoka, zilikuwa nyumba mia mbili na kumi na mbili, watu elfu moja mia tatu na tisa. Mwalimu aliikagua mara tatu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona wanafunzi wakifanya jambo safi namna ile. Walichapisha kurasa arobaini na sita, picha na ramani, wakazipeleka dirisha la nne. Karani akagonga muhuri: IMEPOKELEWA. Fundi aliomba agongewe na nakala yao, na alipoipata aliipulizia wino ukauke.

*

Ilipita wiki moja, mwalimu mkuu akamwita ofisini na kufunga mlango. Mezani palikuwa na barua, juu yake nembo ya ofisi ya elimu.

"Keti, mwenzangu."

"Kuna nini?"

"Wanasema umetumia wanafunzi na mali ya shule kuchochea mgogoro wa ardhi. Wanataka maelezo leo."

Mwalimu aliisogeza barua pembeni. "Ramani ile aliifungua afisa wao. Mwenyewe, kwa mkono wake. Darasa zima liliona."

"Nimempigia." Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mwangalifu, aliyebakiza miaka mitatu tu kustaafu, na alizungumza akitazama kalamu yake. "Amesema someni fomu. Fomu inasema mwalimu ametumia vyanzo rasmi kwa ustadi. Mwalimu ni nani? Ni wewe."

"Kwa hiyo zile alama tisini na nne..."

"Ndizo hizo."

Alipewa karatasi. Aliandika vizuri, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, kwamba anasikitika kwa usumbufu uliotokea. Akaweka kalamu chini.

"Malizia kwa kusema hutarudia," mwalimu mkuu akasema.

"Sitarudia nini? Kuhesabu?"

"Andika tu, tafadhali. Nikipeleka bila neno hilo wataniuliza mimi."

Wanawake wawili waliofanya kazi pamoja miaka tisa wakaogopa kutazamana. Mwalimu Ramani akaandika: Sitarudia. Akasaini. Mchana huo huo vishikwambi vyote ishirini na vinne vilifungiwa kabatini. Kuanzia Jumatatu alihamishiwa darasa la kwanza, kuwafundisha watoto a, e, i, o, u.

*

Kitinda alikuwa wa kwanza kuuliza. "Mama, zile karatasi zetu zimejibiwa?"

Hazikuwa zimejibiwa. Mwalimu alikwenda halmashauri peke yake siku alipoomba ruhusa ya hospitali. Karani wa dirisha la nne alimkumbuka.

"Nilijaribu kuziingiza, Mama. Kweli nilijaribu. Kila nyumba inataka namba ya kiwanja. Bila namba, mfumo unakataa."

"Na namba tunaipata wapi?"

"Tunatoa sisi. Kwa maeneo ya makazi."

"Yetu si ya makazi."

"Kwenye mfumo, hapana. Ni eneo wazi."

Mwalimu alisubiri labda karani ataisikia mwenyewe sentensi aliyoisema. Karani alikuwa ameshaisikia. Alivuta droo, akamwonyesha kurasa arobaini na sita, zimebanwa vizuri, hazijakunjwa hata pembe. "Nimezitunza," akasema, kama anayemwomba radhi. "Watoto wameandika vizuri."

Nyuma mtu alikohoa, foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu akashukuru. Alikuwa nje kwenye ngazi alipojishangaa kwamba ameshukuru.

Nyumbani alimweleza mumewe kila kitu, safari hii hakuchelewa hata dakika. Fundi alisikiliza akisugua kutu kwenye kipande cha chuma ambacho hakikuwa na mwenyewe. Tangu habari ile itoke, hakuna aliyeagiza geti. Wapangaji wa jirani walikuwa wamefunga virago. Kwenye vyumba walivyoviacha watoto wa mtaa walicheza, milango ikipigwa na upepo.

"Ungebaki na chaki yako," Fundi akasema. Kisha, kabla mkewe hajajibu: "Hapana. Nimesema vibaya. Wangekuja tu, na sisi tungekuwa hatujui."

"Kujua kumetusaidia nini?"

Fundi aliendelea kusugua.

*

Mpimaji alikuja Jumamosi asubuhi, mtu wa makamo mwenye kofia ya jua, mgongoni mkoba, begani kipimio cha miguu mitatu kama kamera. Hakuja na polisi wala tingatinga, na hilo liliwachanganya watu. Walikuwa wamejiandaa kupiga kelele, na huyu alikuwa akiwaamkia mmoja mmoja na kuomba njia. Akifika kwenye nyumba anapima, anaandika, anachora alama ndogo nyekundu karibu na mlango, anakwenda inayofuata. Watu waliomfuata nyuma walizidi kuwa wengi, wakizungumza kwa sauti za chini.

"Hiyo alama ya nini, ndugu?" waliuliza.

"Mimi napima tu," alijibu kila mara. "Nikimaliza napeleka. Wanaoamua ni wengine."

Alipofika kwa Fundi, alitoa tepu ya kupimia, akaitazama baraza, akajikuna shingo. "Fundi, samahani. Mwenzangu wa kunishikia hakutokea leo. Naomba unishikie ncha pale kwenye kona."

Mwalimu Ramani alikuwa amesimama mlangoni, mkono begani kwa Kitinda, akamwona mumewe akitazama ile ncha ya chuma aliyonyooshewa. Alidhani ataitupa. Alitamani aitupe, na papo hapo akaogopa asije akaitupa.

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali. Akaipokea, akaenda nayo kwenye kona, akachuchumaa.

"Baba, usimshikie," Kitinda akasema. Mama yake akambana bega.

"Mita kumi na moja na sitini," mpimaji akasoma, akainama kuandika.

"Sivyo," Fundi akasema.

"Unasemaje?"

"Tepu yako imelegea katikati. Ivute."

Mpimaji alimtazama, akaivuta. Tepu ikanyooka kando ya ukuta, imekaza kama waya. Fundi aliibana ncha yake kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Kumi na moja na hamsini na mbili," mpimaji akasema.

"Hapo sawa. Msingi niliupima mwenyewe. Kama ni kuandikwa, iandikwe ilivyo."

Mpimaji akafuta ya kwanza, akaandika ya pili. Fundi alikuwa ameshainuka, ncha ya tepu mkononi, akizunguka kuelekea ukuta wa jikoni bila kungoja kuitwa.